Maji Yetu na Chembe za Plastiki

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme jambo ambalo naona latuhusu sote: wanafunzi wenzangu, walimu wetu, na ninyi wazazi wetu mliotuleta hapa. Jambo lenyewe ni takataka za plastiki. Najua wengine wakiliona neno hilo watafunua ukurasa, maana habari ya takataka tumeisikia tangu darasa la kwanza, na kila Jumamosi twaamka na fagio mkononi. Lakini leo sitaki kusema juu ya kufagia. Nataka kusema juu ya mambo yanayotokea baada ya plastiki kuingia majini, na kwa nini sisi watu wa Manyoni tuna sababu kubwa ya kuyaangalia.

Maoni yangu ni haya. Plastiki iliyomo majini ni makao ya vijidudu, na kadiri inavyovunjika vipande vidogo ndivyo makao hayo yanavyozidi. Kwa hiyo kuiokota kabla ya mvua ni kazi ya afya, nayo yastahili kuwekwa katika ratiba ya shule pamoja na kutunza vyoo na kuchemsha maji. Haifai iwe kazi ya siku ya wageni peke yake.

Kwanza tuitazame nchi yetu. Manyoni ni nchi kavu. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu. Huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili, na miezi iliyobaki makorongo huwa mchanga mtupu. Watu wa pwani wana vuli na masika. Sisi msimu wetu mmoja ukituangusha, tumekwisha. Kwa sababu hiyo wazee walijifunza kuchimba visima katika mchanga wa makorongo, na baadaye vijiji vingi vikachimbiwa malambo ya kukinga maji ya mvua. Lambo halichagui. Mvua ya kwanza hufagia kila kilichokusanyika ardhini kwa miezi saba: samadi ya ng'ombe, majani makavu, majivu, mavi ya watu mahali pasipo na vyoo, na siku hizi mifuko, vizibo, chupa na nyuzi za viroba vilivyochakaa. Barabara kuu ya Dodoma na Singida yapita kwetu, na reli ya kati yapita kwetu, na abiria wengi hawaoni taabu kutupa chupa dirishani. Vyote hivyo huteremkia mahali palipo chini, na mahali palipo chini ndipo penye maji.

Tena liko jambo ambalo walimu wetu wa Jiografia wametufundisha, ila hatulifikiri sana. Maji ya upande wetu wa mashariki huteremka ukingo wa Bonde la Ufa yakaelekea mbuga ya Bahi. Mbuga hiyo haina mto unaotoka kwenda baharini. Imo katika Bonde la Kati, ambalo bodi yake ya maji ina ofisi mjini Singida, na maji ya bonde hilo huishia humo humo. Jua huyakausha, lakini plastiki haikauki ikaruka na mvuke. Itabaki katika tope la Bahi, mahali ambapo watu huvua kambale na kulima mpunga. Tukitupa kitu katika korongo, tumekiweka akiba katika nchi yetu wenyewe.

Sasa nieleze chembe ni nini. Mwaka 2004 mtaalamu wa Uingereza, Richard Thompson, na wenzake walieleza kwamba mchanga na maji ya bahari vimejaa vipande vidogo mno vya plastiki, na jina la maikroplastiki likaenea tangu hapo. Kwa desturi huitwa hivyo vipande vyote vyenye upana usiofika milimita 5. Vingine ni kama punje ya uwele, vingine havionekani kwa jicho. Nyingi ya chembe hizi hazikutengenezwa kiwandani zikiwa ndogo. Hutokana na vitu vikubwa vilivyovunjika. Hapa kwetu jua ni kali mwaka mzima. Mfuko uliolala juani miezi michache hugeuka mkavu kama ganda la karanga. Mbuzi akiukanyaga wavunjika, upepo ukivuma watawanyika. Mtu hupita akasema, "Ule mfuko umeoza." La, haukuoza. Umegawanyika tu.

Wapenda Hisabati watanielewa upesi. Chukua kipande cha plastiki chenye umbo la dadu, kila upande sentimita 1. Nyuso zake sita zina eneo la sentimita za mraba 6. Kikate kiwe dadu ndogo za milimita 1. Utapata dadu 1,000, na eneo la nyuso zote litakuwa sentimita za mraba 60. Plastiki haikuongezeka hata kidogo, lakini mahali pa kushikia pameongezeka mara kumi. Hapo ndipo vijidudu vinapoingia katika habari yetu.

Mtu akiamka asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, akipitisha ulimi juu ya meno husikia utelezi. Huo ni ukoga. Mwaka 1683 Mholanzi aitwaye Antonie van Leeuwenhoek alikwangua ukoga wa meno yake, akautazama kwa hadubini aliyoitengeneza kwa mikono yake, akaona viumbe hai vidogo vikienda huku na huku. Ukoga wa namna hiyo huota mahali popote penye maji na kitu cha kushikia: juu ya mawe, ndani ya mabomba, na ndani ya dumu la maji lisilooshwa. Kila mwanafunzi wa bweni amekwisha kutia kidole katika mdomo wa dumu akasikia utelezi ule. Basi chembe ya plastiki iliyomo lamboni nayo huota ukoga huo huo, na hatua zake ni hizi.

Hatua ya kwanza huchukua dakika chache au saa chache. Plastiki ikiingia majini hupakwa utando mwembamba wa vitu vilivyoyeyuka humo, kama protini, sukari na masalio ya majani yaliyooza. Mwaka 1943 Mmarekani Claude ZoBell alieleza kwamba katika maji yenye chakula haba, chakula hicho hujikusanya juu ya uso wa vitu vigumu, na kwa hiyo bakteria hustawi zaidi penye uso wa kushikia. Utando huo, basi, ni kama meza iliyoandaliwa kabla wageni hawajafika.

Hatua ya pili, wageni huja. Bakteria wanaoelea majini hugusa chembe na kuishika. Mwanzo hushika kwa wepesi, na wengine huachia wakaenda zao. Wanaobaki hutoa ute wa sukari unaonata, wakajifunga nao barabara. Kazi hiyo yaweza kuwa imeanza vizuri katika siku moja.

Hatua ya tatu huchukua siku kadhaa na majuma. Bakteria huzaana ndani ya ute wao, na viumbe wengine huwafuata: mwani mdogo usioonekana kwa macho, daiatomu wenye maganda kama ya kioo, na viumbe wa seli moja ambao chakula chao ni hao bakteria. Ni kama mji unavyokua kando ya stesheni ya reli. Kwanza kibanda kimoja, kisha duka, kisha mgahawa, na mwisho hata mwizi hupata mahali pa kulala. Maji ya uvuguvugu yenye samadi huharakisha mambo hayo yote, na malambo yetu yana joto na samadi pia.

Hatua ya nne ni safari. Plastiki ya mifuko ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea. Ukoga ukizidi, chembe yaweza kuwa nzito ikazama topeni, mahali pa konokono na kambale. Tena vipande vya ukoga humeguka vikachukuliwa na maji hadi mahali pengine, vikaanza makao mapya.

Huenda mwenzangu atauliza, "Je, jani au kijiti hakioti ukoga vilevile?" Huota, tena sana. Lakini jani huoza likaisha, na makao yake huisha nalo. Plastiki hudumu miaka mingi. Hukauka lambo likikauka, na mvua ikirudi huwa ipo, tayari kukaliwa tena. Tena wakaaji wake si wale wale. Mwaka 2014 wataalamu walichunguza chembe zilizotolewa katika mto unaopita mji wa Chicago, Marekani, wakazilinganisha na maji ya mto huo na masalio ya mimea yaliyokuwa yakielea humo. Waliona kwamba bakteria wa juu ya plastiki walikuwa jamii tofauti, na miongoni mwao walikuwapo wa aina zinazofanana na zile ziletazo ugonjwa wa matumbo. Mwaka mmoja kabla yake, 2013, wataalamu wengine wa Marekani walikuwa wamechunguza plastiki za bahari ya Atlantiki, wakaona maisha yaliyo juu yake ni mengi hata wakayapa jina lake peke yake, kana kwamba ni dunia ndogo.

Asidhani mtu kwamba hayo ni ya Ulaya na Marekani tu. Mwaka 2016 zilichapishwa habari za uchunguzi uliofanywa na Mtanzania Florence Biginagwa na wenzake juu ya sangara na sato walionunuliwa katika soko la Mwanza. Walipopasua matumbo ya samaki hao na kupima vilivyomo, walithibitisha plastiki katika samaki mmoja kati ya kila watano, kwa sangara na kwa sato pia. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa namna hiyo katika maziwa makuu ya Afrika. Ziwa Nyanza ni kubwa kuliko nchi nyingine za dunia hii, nalo halikuokoka. Lambo la kijiji lenye upana wa uwanja wa mpira litaokokaje?

Sasa nitaje hatari zenyewe, na nitajitahidi nisizizidishe.

Ya kwanza ni kwamba ukoga huwakinga wakaaji wake. Bakteria aliyezama ndani ya ute ule hafikiwi upesi na dawa ya klorini wala na miali ya jua kama yule anayeelea peke yake. Mama akitia dawa katika maji machafu yenye chembe, sehemu ya dawa hiyo huishia kwenye uchafu kabla haijafika kwa adui.

Ya pili ni kubadilishana silaha. Bakteria wanaoishi wamebanana huweza kupeana vipande vya urithi wao, na vingine vya vipande hivyo huwafundisha kustahimili dawa za hospitali. Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa kwa maji ya ziwa Stechlin la Ujerumani, nao ulionyesha kwamba kupeana huko hutokea zaidi kati ya bakteria wa juu ya chembe za plastiki kuliko kati ya wale wanaoelea majini.

Ya tatu ni uchukuzi, nayo nitaieleza kwa mfano wa kipindupindu. Mwaka 1983 wataalamu, akiwamo Mmarekani Rita Colwell, walieleza jinsi kijidudu cha kipindupindu kinavyoshikamana na wadudu wadogo sana wa majini. Basi huko Bangladesh akina mama walifundishwa kuchuja maji kwa kitambaa cha sari kuukuu kilichokunjwa mara kadhaa. Kitambaa hakiwezi kumzuia kijidudu anayekwenda peke yake, maana ni mdogo mno. Lakini humzuia yule mdudu aliyembeba. Habari zilizotolewa mwaka 2003 zilionyesha kwamba katika vijiji vilivyochuja hivyo ugonjwa ulipungua kwa karibu nusu. Mafunzo yake ni haya: ukikizuia chombo, abiria wengi umewazuia. Na chembe ya plastiki ni chombo tunachokiunda wenyewe na kukitia majini wenyewe. Kipindupindu hakihitaji kuelezwa Tanzania. Ugonjwa ulioanza Agosti 2015 mjini Dar es Salaam ulienea karibu mikoa yote, na kufikia mwisho wa 2016 watu zaidi ya 20,000 walikuwa wameugua.

Hapa yafaa nisimame nimjibu yule atakayesema kwamba naikuza habari. Anayo hoja, tena ya nguvu. Mwezi Agosti 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa juu ya chembe hizi katika maji ya kunywa. Lilisema kwamba, kwa ushahidi wa wakati ule, hatari ya ukoga wa juu ya chembe ni ndogo ikilinganishwa na hatari ya maji yenye mavi, ambayo watu wapatao bilioni 2 walikuwa wakiyanywa. Likasema pia kwamba mitambo ya kusafisha maji huondoa zaidi ya asilimia 90 ya chembe hizo. Nakubali yote mawili. Mtu akiniambia kwamba choo huja kwanza, nami nasema choo huja kwanza. Kijidudu cha ugonjwa hakizaliwi na plastiki. Hutoka katika uchafu wetu.

Lakini tuisome taarifa ile tukiwa tumesimama kando ya lambo. Katika mji wenye mtambo, mavi huenda upande mmoja, maji huchujwa upande mwingine, na chembe nyingi hukamatwa njiani. Lamboni hakuna mtambo. Mvua ile ile iliyoleta samadi na mavi ndiyo iliyoleta vizibo na mifuko, na vyote vimekutana katika shimo moja, chini ya jua moja, na watu na ng'ombe wanywa humo. Kwa hiyo kwetu sisi habari ya choo na habari ya plastiki hazigombani. Anayejenga choo amempunguza abiria, na anayeokota plastiki amepunguza magari. Kwa nini tuchague moja?

Yuko atakayesema, "Serikali ilikwisha kupiga marufuku mifuko." Ni kweli. Zanzibar ilianza mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Jambo hilo lilikuwa jema, na kila mtu aliyeona miiba ya kandokando ya barabara ilivyokuwa imevaa mifuko anajua tofauti. Ila sheria ile ilikuwa ya mifuko ya kubebea. Chupa, vizibo, vifungashio na viroba vingalipo. Tena mifuko ya zamani haikutoweka siku ile. Imo udongoni yavunjika taratibu, na kila mwaka mvua huzoa sehemu yake.

Mwingine atasema, "Tusubiri, bakteria hao hao wataila plastiki." Habari hiyo ina chanzo cha kweli. Mwaka 2016 wataalamu wa Japani walitangaza bakteria waliyempata Sakai, awezaye kula plastiki ya chupa. Lakini kipande alichopewa kilikuwa chembamba sana, kikawekwa katika joto la nyuzi 30 bila kubadilika, na hata hivyo kazi ilimchukua yapata majuma sita. Plastiki yenyewe ni ya chupa. Ya mifuko ni aina nyingine. Kumngoja huyo atusafishie Bahi ni kama kumngoja sungura achimbe kisima.

Na wako wasemao, "Tuichome tu." Hapa nasema na sisi wenyewe wa shule. Tuna desturi ya kufagia mbele ya ofisi na bendera hadi udongo ung'ae, kisha takataka zote twazipeleka nyuma, kwenye shimo lililo karibu na korongo, tukazitia moto. Moshi wake una sumu, na kila mtu aliyepita pale baada ya moto kuzimika ameona kinachobaki: madonge meusi na vipande vilivyoungua nusu. Mvua ya kwanza ikija huvichukua. Usafi wa namna hiyo huondoa takataka mbele ya macho ya mgeni na kuipeleka mbele ya mdomo wa jirani aliye chini ya korongo. Jirani huyo aghalabu ni mzazi wa mmoja wetu.

Kwa kuwa si vizuri kulaumu bila kuonyesha njia, natoa mashauri matano.

La kwanza, majuma mawili ya mwezi Oktoba, kabla ya mvua, kazi za nje zihamie nyuma ya shule na katika korongo. Kila bweni lipewe kipande chake. Tuokote hata vipande vidogo, kwa sababu hivyo ndivyo vibaya zaidi. Chupa zitengwe, maana zina wanunuzi mijini, zinazobaki zifukiwe.

La pili, shimo la taka lihamishwe mahali palipoinuka, mbali na njia ya maji, lizungushiwe boma la miiba, na kila juma takataka zifunikwe kwa udongo. Kazi hiyo ni ya majembe na siku mbili. Haihitaji fedha.

La tatu, madumu yetu yaoshwe kila juma kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yaliyotiwa dawa, kabla utelezi haujakomaa. Watu wengi huosha dumu kwa kutia kokoto na kulitikisa kwa nguvu. Utelezi hutoka, lakini kokoto hukwaruza ukuta wa dumu. Mikwaruzo huwa mashimo ya kujifichia ukoga mpya, na unga wa plastiki huingia majini. Dumu lililopasuka na kuchakaa lisiendelee kutekea maji ya kunywa.

La nne ni kwa wazazi wetu, nami nalisema kwa heshima. Lambo likizungushiwa boma, na ng'ombe wakachotewa maji katika birika la kando, samadi hupungua na kingo hazibomoki. Nyumbani maji yachujwe kwa kitambaa safi cha khanga kilichokunjwa mara nne, kisha yachemshwe. Yakipoa yamiminwe polepole, au yachujwe tena, bila kutibua ukoko mweupe wa chini. Mwaka 2024 wataalamu wa China walionyesha kwamba maji magumu yakichemshwa dakika tano, chokaa yake huganda ikazinasa chembe za plastiki, na baada ya kuchujwa chembe nyingi huondoka. Katika maji magumu sana, hata tisa kati ya kumi. Visima vingi vya nchi hii ya kati vina maji magumu, na sufuria zetu zinashuhudia. Ukoko tuliokuwa tukiulalamikia waweza kutufaa.

La tano ni kwa walimu wetu wa Biolojia. Naomba tufanye jaribio letu wenyewe, maana jambo la kuonwa kwa macho halisahauliki. Tufunge kwenye kamba ukanda wa mfuko, kipande cha kioo na kijiti, vyote vya ukubwa mmoja, tuvining'inize lamboni. Tuvitoe kimoja kimoja baada ya siku moja, siku saba na siku kumi na nne, tuvitazame kwa hadubini, tuhesabu na kuchora. Mtu asiingie majini, kwa kuwa konokono wa kichocho huenda wakawamo, na kila aliyeshika kamba anawe kwa sabuni. Matokeo yachapwe katika gazeti hili, yakiwa upande wangu au yakiwa kinyume changu.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Kizibo cha chupa ni kitu kidogo. Mtoto huweza kukiokota kwa vidole viwili akiwa anapita. Kikishavunjika vipande elfu na kuingia lamboni, wanafunzi wote wa shule hii wakijipanga mstari hawawezi kukitoa. Maji yakimwagika hayazoleki, na chembe nayo ikimwagika majini haizoleki. Wakati wa kuiokota ni huu, ingali kizibo, korongo lingali kavu.

Kama yuko asiyekubaliana nami, namkaribisha aandike. Mhariri atampa nafasi katika toleo lijalo. Namwomba jambo moja tu. Kabla hajaandika, twende pamoja jioni moja hadi nyuma ya shule, tutembee katika korongo hatua mia moja, tuhesabu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita